Huduma ya kuua funza wa nyasi: nyota nimeziandika, nimezifuta

Nilivuta nyasi kwa mkono mmoja zikafunuka kama mkeka. Mizizi hamna, imeliwa yote. Chini yake funza wa mbawakawa wamejikunja, weupe, kichwa cha kahawia, nyuma weusi kwa udongo uliojaa tumboni. Nikaita kampuni ya kupulizia dawa.

Fundi wao alifika jua la utosini. Hakuinama hata kidogo. Kasimama na bomba mgongoni, akasema, "Bosi, hizi nyasi zina kiu tu."

Nikamuuliza tangu lini kiu inatafuna mizizi. Nikamwonyesha funza kiganjani, wanene, wa kidole kizima. Akanijibu, "Mimi nimekuja kupuliza, sikuja kuchimbachimba." Jamani! Mtu nimemwita kwa ajili ya wadudu wa ardhini, halafu ardhi hataki kuigusa!

Akapuliza juu ya udongo mkavu kama kigae, akaondoka bila kumwagilia tone. Chupa aliiacha, nikasoma: imidaklopridi, na maelekezo yanasema wazi mwagilia maji baada ya kuweka ili dawa ishuke kwenye mizizi. Tena dawa hiyo huwapata vizuri funza wachanga, waliotoka kuanguliwa. Hawa wangu walikuwa vigogo. Hilo lilitakiwa liwe la kwanza kusemwa na mtu anayejiita mtaalamu. Wiki zikapita, ndege wanaendelea kudonoa na kufukua, nyasi zinazidi kuwa njano. Hapo nilikuwa nimeshaandika: sifuri, msiwaite.

Nilipopiga simu kulalamika (kwa sauti, sikatai), wakamtuma binti mmoja. Huyu kwanza alipiga magoti. Alikata kipande cha nyasi, akahesabu funza, akasema tutumie nematodi, vile viminyoo vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyomwingia funza na kumuua kwa bakteria vinaowabeba. Akaja jioni, maana jua linaviua. Akalowesha udongo, akatoa chujio kwenye bomba visije vikanasa humo, akapuliza, akamwagilia tena. Siku chache baadaye nilichimba nikakuta funza wamelegea, wamegeuka rangi ya matofali. Sijawahi kufurahia maiti namna ile. Wazima wapo bado, ila wachache, na nyasi zimeanza kushika.

Basi nikafuta sifuri, nikaweka nyota nne. Nikasema labda yule wa kwanza aliamka vibaya, binadamu ni binadamu.

Halafu ikaja ankara. Wamenitoza mara mbili! Kazi ya binti, sawa, nimelipa siku hiyohiyo na ningeongeza. Lakini na ile ya bwana "zina kiu" pia, imeandikwa "ukaguzi na matibabu". Ukaguzi upi, wa kusimama? Nimewaambia silipi. Wamenijibu eti niwe mstaarabu.

Nyota moja. Ya binti. Mkiwaita, mtajeni yeye, na mwingine akija kwa zamu yake mfungieni geti.