Taima ya Hita ya Maji: Ipi Ununue Tabora na Ipi Uiache Dukani

Malalamiko niliyoyapokea kutoka kwa wasomaji wa Ipuli na Cheyo katika miezi hii ya Juni na Julai, ambapo alfajiri ya Tabora haimruhusu mtu kuoga maji ya bomba kwa furaha, yanafanana mno: koili ya hita ni nzima, taima imetegwa iwashe saa kumi alfajiri, lakini maji yanapata moto saa nne asubuhi, watoto wakiwa wamekwisha kwenda shule. Wengi wamemlaumu fundi, na baadhi yao wamebadilisha koili isiyokuwa na ubaya wowote.

Ubaya uko kwenye taima. Zile za kisahani cha kuzungusha, ambazo ndizo zimejaa madukani, nyingi huendeshwa na mota inayotegemea umeme huo huo wa nyumba. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa saa nne, au uniti za LUKU zikiisha usiku wa manane na zisiingizwe hadi kupambazuke, saa ya ndani husimama, kisha huendelea pale ilipoishia. Kila ukatikaji hujumlishwa juu ya ule uliotangulia, na mwisho wake taima huwasha wakati wowote ipendao. Ndiyo maana akiba ya betri, yaani betri ya ndani inayoiendesha saa umeme ukikatika, ni kigezo changu cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Hasara yake inahesabika. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 4.7, yaani saa moja na nusu hivi kwa koili ya kilowati 3, au saa tatu kwa koili ya kilowati 1.5. Familia iliyo katika daraja la D1, yaani daraja la bei ya umeme la watumiaji wadogo wa nyumbani, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ikipasha tangi la namna hiyo mara kumi na sita tu imekwisha kufika kikomo kabla haijawasha taa, na inauma zaidi pale maji hayo yanapopoa bila mtu kuyaoga.

Chaguo langu la kwanza ni Hager EH111, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo: inafungwa kwenye reli ndani ya boksi la breka, inabeba ampia 16, na betri yake ikishajaa hulinda saa kwa muda wa saa 200 bila umeme. Angalia tarakimu ya mwisho kwa makini, kwa sababu EH110 inafanana nayo kama pacha lakini haina akiba hiyo. Ya pili ni Theben SUL 181 h. Herufi hiyo h ndiyo yenye akiba, ilhali yenye herufi d haina. Taima za kidijitali zisizo na jina zinafaa ikiwa zina betri, na zile za bei rahisi za kuchomeka kwenye soketi ziachie taa ya barazani.

Kinachonikera ni wauzaji. Wapo wanaouza yenye akiba na isiyo na akiba kwa bei moja, wakikuapia kwamba "zote ni zile zile", wanakataa kufungua boksi, kisha wanakuandikia kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Msisitize muuzaji aiunganishe kwenye umeme kwa muda ili betri ipate chaji, auzime, nawe utazame kama saa inaendelea kutembea. Akikataa, nenda duka la pili.

Kuhusu kufunga, koili ya kilowati 3 huvuta ampia 13 kwenye volti 230, hivyo ipewe laini yake peke yake ya waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampia 20, ulinzi wa uvujaji wa umeme wa miliampia 30, erthi iliyopimwa, na swichi inayokata waya zote mbili. Mwenye koili mbili asizipitishe kwenye taima moja, bali taima iendeshe kontakta, yaani swichi kubwa inayowashwa kwa umeme, na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aambiwe tangu mwanzo kwamba taima utainunua mwenyewe, kwa kuwa akitumwa dukani bila namba kamili ya modeli atarudi na ile isiyo na betri.