ExifTool na picha za Kolo: maelezo yaliyogoma kusevu

Nimeitumia ExifTool, programu ya kusoma na kuandika maelezo ndani ya mafaili ya picha, miezi minne sasa hapa Dodoma. Naandika kwa ajili ya wapiga picha na madizaina wanaoshinda na mafaili ya leya nyingi, maana tabu iliyonipata sitaki imkute mwingine.

Kazi yangu ilikuwa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kila picha ina leya tatu: chini kabisa picha kama ilivyotoka kwenye kamera, katikati nakala niliyokoleza wekundu ili mchoro uliofifia uonekane, na juu mistari niliyoifuatisha kwa mkono. Ukiziunganisha zikawa JPEG, hutajua tena kipi ni cha mchoraji wa kale na kipi ni changu. Ndiyo maana nakala mama ni zile za PSD (faili la Photoshop) na XCF (faili la GIMP), zinazotunza leya, na humo ndimo nilitaka maelezo yakae: jina la mwamba, tarehe, mwenye haki, na maneno ya mzee aliyetuongoza. Tukiwa Mungumi wa Kolo aliniambia, "Andika hapo hapo kwenye picha, mwanangu. Karatasi hupotea."

Programu niliyokuwa nikipangia picha ilipokea kila nilichoandika, bila onyo lolote. Nikahamishia folda kwenye laptop nyingine: JPEG zikaja na maelezo yake, za leya zikaja tupu. Iliniuma sana, kwa sababu maneno ya mzee yalikuwa humo. Kumbe yote yalibaki kwenye hifadhidata ya programu, na ndani ya faili halikuingia hata neno moja.

Kwanza nilidhani diski ya nje imefungwa isiandikwe. Lakini JPEG zilizomo kwenye folda ileile zilikuwa zinasevu. Nikatazama saa ya kubadilishwa kwa faili: nikiandika kapsheni kwenye JPEG, saa inasogea; nikiandika kwenye XCF, inabaki ileile ya wiki iliyopita. Hapo nikajua faili halijaguswa kabisa. Jaribio hili ni la nusu dakika, nawasihi mlifanye kabla ya kuandika kapsheni mia.

Ndipo nikaijaribu ExifTool ya Phil Harvey. Ni ya bure, na haina vitufe. Unaandika amri kwenye dirisha jeusi, na mwanzoni inatisha kidogo. PSD iliziandika zote, nami nikafungua moja baada ya nyingine kuhakikisha leya tatu zipo. Zipo. Nilipoipa XCF ilikataa, ikasema waziwazi kwamba kuandika kwenye aina hiyo ya faili bado hakuwezekani, inaisoma tu. Jibu hilo nililipenda kuliko ukarimu wote wa ile programu ya kwanza. Ukiambiwa haiwezekani, unatafuta njia nyingine mapema.

Njia yenyewe ni faili la pembeni la XMP, yaani faili dogo linalokaa kando ya picha na kubeba maelezo yake. Ni maandishi matupu, unaweza kuyasoma hata kwenye Notepad, na ExifTool inalitengeneza kutoka sifuri. Mimi naliita kwa jina zima la picha, mfano kolo12.xcf.xmp, kwa kuwa digiKam, programu ya kupangia picha, hulitafuta kwa jina hilo pale unapoiruhusu kwenye mipangilio isome mafaili ya pembeni. Programu nyingine huondoa ile xcf ya katikati, kwa hiyo angalia yako inataka lipi. Na ukibadilisha jina la picha nje ya programu, badilisha na la XMP palepale, la sivyo maelezo yanabaki yatima.

Kasoro ninayoiona ni nafasi. ExifTool ikiandika huacha nakala ya zamani yenye neno _original mwishoni mwa jina. PSD zangu nyingi zina megabaiti 400 na zaidi, na diski ilijaa kabla sijafika nusu ya kazi. Ipo amri ya kuizuia isiache nakala, -overwrite_original, ila mimi siitumii mpaka niwe na bekapu kwenye diski ya pili. Nakala hizo nazifuta kwa mkono, folda moja moja, baada ya kufungua picha kwenye mashine nyingine na kuona maneno ya mzee yametokea.