Kitini cha kesi ya Socrates: kinunue, ila sehemu ya pili ijazie mwenyewe

Kitini hiki kinauzwa kwenye steshenari moja ya Mtwara mjini, upande wa Ligula: karatasi za A4 zimekunjwa katikati na kupigwa pini mbili. Kinaeleza utetezi wa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 K.K., akiwa na miaka 70.

Kilichofanywa vizuri kuliko vyote ni pale Socrates anapomhoji Meletus, aliyemshtaki kwa kuwapotosha vijana na kutoiamini miungu ya mji. Maswali na majibu yamepangwa mstari kwa mstari, hivyo unauona mtego ukifungwa. Meletus anashikilia kwamba Waathens wote wanawajenga vijana isipokuwa Socrates peke yake. Anaulizwa: farasi nao hunolewa na kila mtu, au na wachache wenye ujuzi? Kisha anadai mshtakiwa haamini mungu yeyote, ilhali hati yake mwenyewe inamtuhumu kuleta mambo mapya ya kiroho. Anayejiandaa kwa mdahalo ausome ukurasa huo kwa sauti.

Kinapoanguka ni kwenye hukumu. Kimeandika kwamba "hakimu alimhukumu kifo". Hapakuwa na hakimu wa kuamua! Waliamua raia wapatao 500, waliopatikana kwa bahati nasibu, na walipiga kura mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hatia. Kura 30 tu zingehama, angeachiwa. Ya pili ilikuwa ya adhabu: mshtaki anataja yake, mshtakiwa anataja yake, baraza linachagua mojawapo, la tatu halipo. Meletus alitaka kifo. Socrates angeweza kuomba kuhamishwa mji, akakataa. Akasema anachostahili ni kulishwa na mji kwa heshima, ndipo akataja faini ya mina 1 (mina ni kipimo cha fedha cha Wagiriki), hatimaye mina 30 kwa dhamana ya mwanafunzi wake Plato na rafiki zake. Ukiruka hatua hii anabaki mzee aliyeonewa tu, na swali la kama alijitakia kifo huwezi kulijibu.

Namba za pembeni, zile zinazoonyesha ukurasa na kifungu katika utetezi huu kama ulivyoandikwa na Plato, nazo hazimo, na bila hizo huwezi kunukuu kwenye insha. Ziandike kwa penseli: mahojiano yanaanza 24c, hotuba ya adhabu 35e, maneno ya mwisho 38c.

Unapolipia, omba wakikate na kukifunga kwa spairo ya plastiki. Kwa unyevu wa pwani pini hushika kutu, na karatasi za katikati ndizo hutoka kwanza.