Darasa la poka Kilimani: mwalimu safi, karata zimechoka

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza. Ni shilingi 1,500 kwa kila Jumamosi alasiri, kwenye chumba cha juu cha mkahawa mmoja Kilimani. Chai imo, mandazi unajinunulia. Thamani yake ipo. Ila usiende ukitegemea ile poka ya mtaani ya kupaza sauti "niko kadi!" Hii ni Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano mezani za kutumiwa na wote, na dau kila hatua. Mnacheza kwa sarafu za plastiki, pesa halisi marufuku, na hapo nilishukuru, kwani mume wangu alikuwa ameshaanza kuniuliza maswali.

Mwalimu ni mzee aliyekuwa akigawa karata kasino. Alasiri nzima aliitumia kwa jambo moja tu: lini ufuate dau la mwenzako, yaani ulipe kiasi kile kile, na lini ulipandishe. Wengi wetu pale mezani tulikuwa wa kupandisha. Karata ikipendeza kidogo, sarafu zinasukumwa katikati.

Kijana mmoja aliyekaa mkabala nami alikuwa na ree (ile karata ya A) na kumi. Mezani kuna ree ya uru, tisa na sita za shupaza, nne ya uru, na ya mwisho mbili ya pau. Katikati pana 600. Mpinzani wake akaweka 400. Kijana akahesabu 1,200, tayari kupandisha.

"Ngoja kwanza. Ukiweka hizo, nani atabaki?"

"Mwalimu, nina ree!"

"Sijakuuliza una nini."

Kisha akamtajia. Aliyekuwa akingoja shupaza ya tano, maana tano za alama moja huishinda jozi, ameikosa, atatupa karata. Mwenye jozi ya tisa atatupa. Atakayebaki ni mwenye ree na mfalme, mwenye jozi mbili, mwenye tatu za aina moja, yaani karibu wote wanaokushinda. Umefukuza uliokuwa ukiwapiga, umewaalika wanaokupiga. Ukifuata tu, unalipa 400 kupigania 1,000, na ukishinda mara mbili katika saba hujapoteza kitu. Kwa mtu anayependa kutishia, yaani kuweka dau bila karata nzuri, mara mbili katika saba si nyingi. Kwa mzee asiyetia dau ila ana kitu, tupa karata uende zako. Mimi nauza spea Kirinyaga Road na hesabu kama hizo nazifanya tangu asubuhi, lakini sikuwahi kuziona zikiwekwa wazi hivyo.

Hesabu za kungoja karata alizipitia haraka. Ukiwa na shupaza nne na imebaki karata moja, zilizobaki za kukusaidia ni tisa kati ya 46 usizoziona, karibu moja katika tano. Ukidaiwa 100 kupigania 700, fuata. Ukidaiwa 500 kupigania 900, acha, labda kama una hakika atakulipa zaidi ukiipata.

Nilichopenda ni kwamba hakutufundisha woga. Ukiwa na karata tatu za sita na mwenzako ni mtu wa kutishia kila mara, kufuata kimya kunamwacha aendelee kukumwagia sarafu. Lakini mezani pakiwa na shupaza mbili na karata bado zinakuja, pandisha, alipie hiyo karata anayoingoja. Sita tatu zile zile, jibu tofauti. Hapo ndipo nilipoandika sana.

Sasa malalamiko. Karata zimechakaa hadi nyingine unazitambua kwa mgongo. Kwa darasa la mchezo wa kufichana, hiyo ni aibu. Sarafu za 100 na za 500 zinakaribiana rangi, na taa ya chumba ni hafifu. Chini wanaonyesha mpira, kelele inapanda juu. Tulichelewa kuanza pia, na msinisingizie foleni ya Ngong Road, maana mimi nilikuwa nimeshafika. Na kuhusu wachezaji watatu au wanne wakiwa bado wamebaki nyuma yako, ambapo kufuata kunawakaribisha wote kwa bei rahisi, mwalimu aligusia tu akasema ni somo la wiki nyingine. Hilo lilistahili nusu saa.

Viti ni vinane. Lipa kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Ukilipia mlangoni wanaongeza mia mbili. Na beba miwani.