Kuvua kwa nzi bandia Dodoma: kipi uagize, kipi ukitafute sokoni Majengo

Msimamo wangu nauweka mwanzoni. Ukiwa Dodoma na unataka kuvua kwa nzi bandia, pesa yako nzito iende kwenye vitu viwili, mshipi na ndoano. Fimbo inafuata. Manyoya, uzi, shanga, waya wa shaba, hata kifaa cha kubania ndoano vyote viko hapa hapa mjini, na baadhi ni bora kuliko vile vinavyosafirishwa kutoka Ulaya ndani ya pakiti za kupendeza.

Kwa asiyeijua kazi hii: nzi bandia ni ndoano iliyofungwa manyoya, nywele na uzi hadi samaki aione ni mdudu, kisamaki au kiluwiluwi. Kitu hicho ni chepesi mno, hakitupiki. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndiyo inayovuta mshipi uende mbali. Huku mshipi wenyewe ni mnene na mzito, na ndio unaombeba nzi. Ukinunua fimbo ya bei kubwa ukaifunga mshipi mbovu, utahangaika kutwa nzima na nzi wako ataangukia miguuni.

Mshipi

Mishipi hii huuzwa kwa namba, na namba ni uzito wa mita 9 za mwanzo. Namba 5 ni kama gramu 9, namba 6 gramu 10.4, namba 8 gramu 13.6. Vitabu vya Ulaya na Marekani humwelekeza anayeanza kwenye namba 5. Kwa Dodoma mimi sikubaliani nalo, na sababu ni upepo. Kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa mashariki hupiga bila kupumzika, na ukingo wa bwawa la Hombolo au Mtera hauna msitu wa kukukinga. Mpangilio wangu ni huu:

1. Namba 6, unaoelea, wenye uzito mbele. Unatosha perege na sato, na kambale wa wastani utammudu.
2. Namba 8, unaoelea. Wa pili kwa kuwa ni mzito kwa perege, lakini kama safari zako zote ni za Mtera na unamtaka kambale, upandishe uwe wa kwanza.
3. Namba 5. Mzuri alfajiri, kabla upepo haujaanza. Kuanzia saa nne asubuhi utautamani wa namba 6.
4. Mshipi unaozama. Uache kwa sasa. Hombolo imejaa tope na maji yake si ya kina kirefu, utakuwa unanasa takataka za chini.

Jambo moja wauzaji wengi hawalisemi: kuna mishipi ya nchi za baridi na mishipi ya nchi za joto. Ule wa baridi umetengenezwa kwa mito ya Ulaya. Kwenye jua letu ngozi yake ya plastiki hulainika, ikaanza kunata kwenye pete za fimbo. Uliza wazi kabla ya kulipa, na mtu asikwambie yote ni sawa. Hata wa joto usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kipande cha mwisho, kile chembamba kinachomfanya samaki asiuone mshipi mnene, hakihitaji kuagizwa. Wanavyouza tayari vikiwa vimechongwa unene hadi wembamba ni ghali, na nailoni ya dukani inafanya kazi ileile. Funga sentimita 120 za milimita 0.50, kisha 60 za 0.40, kisha 40 za 0.30, umalizie na 60 za 0.22. Jumla inakaribia mita 2.8, urefu wa fimbo yenyewe. Kwa kambale ishia kwenye 0.30, hiyo 0.22 iache nyumbani. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, nailoni kavu huungua kwa msuguano na fundo hukatika samaki akiwa amekolea.

Fimbo

Nafasi ya kwanza naipa fimbo ya futi 9, vipande vinne, namba 6. Vipande vinne si urembo: kila kimoja ni kama sentimita 70, kwa hiyo unapanda nayo basi au treni ya umeme kutoka Dar es Salaam bila kugombana na mtu. Hakikisha namba iliyoandikwa juu ya mpini inalingana na ya mshipi wako.

Ya pili itawashangaza wengi: mwanzi. Wajapani wana uvuvi wa kale wanaouita tenkara, fimbo ndefu isiyo na kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi umefungwa kwenye ncha, na nzi wa manyoya mwishoni. Mwanzi mrefu mkavu kutoka Iringa, kule wanakogema ulanzi, unakupa kitu cha jamii hiyohiyo kwa pesa kidogo sana. Tafuta uliokauka kivulini, usio na ufa kwenye pingili, wenye ncha inayopinda ukiitikisa. Hautatupa mbali, lakini perege hupenda kukaa karibu na ukingo, na mtoto au mtu asiye na uhakika kama uvuvi huu utamfaa aanzie hapa. Kwa kambale mkubwa hapana, kwa sababu huna mshipi wa kumpa akikimbia.

Ya tatu ni fimbo ya namba 8. Ya mwisho ni zile fimbo za kuvutika kama antena zinazouzwa na kigurudumu chake kwa bei ya chini. Hazikutengenezwa kubeba mshipi mzito. Kama tayari unayo usiitupe, funga kiboya kidogo na uache mita moja na nusu ya nailoni baada yake, nzi mwishoni. Perege utampata.

Kigurudumu cha mshipi nakipitia haraka: kwa perege kazi yake ni kutunza mshipi tu. Nunua cha bei ndogo kisichopata kutu, pesa iliyobaki iongeze kwenye mshipi.

Ndoano

Hapa usibane matumizi. Namba ikipanda ndoano inapungua ukubwa, ikishuka inakua hadi ufike 1, na baada ya hapo 1/0, 2/0 zinaendelea kuongezeka ukubwa. Kwa perege nunua namba 10 na 12, maana mdomo wake ni mdogo. Kwa kambale namba 2 hadi 1/0, kwa sababu mdomo wake ni mpana na mgumu. Kwa wanaoanza pakiti mbili zinatosha, 12 na 2.

Mustad ya Norway, iliyoanza kutengeneza ndoano mwaka 1877, ndiyo ninayoiweka juu, ila jina la kwenye pakiti si dhamana, bandia zipo. Omba muuzaji akuruhusu kujaribu moja. Ivutie ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwaruza na kushika, ni kali, ikiteleza, irudishe. Kisha ibane kwa koleo na uivute mdomo ufunguke kidogo. Nzuri hurudi mahali pake, laini hubaki imefunguka, mbovu zaidi hukatika palepale. Angalia pia jicho la ndoano kama limefunga kabisa, uwazi mdogo unakata nailoni.

Manyoya

Sasa tunafika penye utajiri wetu. Nchi za nje shingo ya jogoo mmoja aliyefugwa kwa ajili ya kazi hii huuzwa kwa bei ya kuku kadhaa, nasi tuko jirani na Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanatafutwa hadi Dar es Salaam. Nenda kwa wachinja kuku Majengo au Sabasaba mapema, kabla manyoya hayajaloweshwa kwa maji ya moto, na uombe ngozi ya shingo na ya kiunoni. Mengi huishia jalalani.

Mpangilio wa manyoya, kuanzia bora:

1. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa, zaidi ya mwaka. Manyoya ya shingo ni membamba, marefu, yenye vinywele vikakamavu, na ndiyo yanayomfanya nzi asimame juu ya maji. Ya kiunoni ni marefu zaidi, yanafaa kuviringwa kwenye nzi wa kambale.
2. Tetea wa kienyeji. Manyoya yake ni laini, hunywa maji na kuchezacheza, hivyo yanafaa kwa nzi wa chini ya maji. Kwa perege wa Hombolo nayatumia haya kuliko ya jogoo.
3. Bata mzinga. Manyoya mepesi ya chini ya mbawa hupumua majini. Wafungaji wa zamani walitumia ya korongo mkubwa wa Afrika aitwaye marabou, na jina limebaki ingawa siku hizi dukani ni ya bata mzinga.
4. Kanga wa kufugwa. Madoadoa yake ni mazuri kwa miguu ya mdudu, unahitaji machache tu.
5. Kuchi. Jogoo wa fahari, lakini manyoya yake ni mafupi na machache shingoni.
6. Kuku wa nyama wa kisasa. Huchinjwa akiwa na wiki chache, manyoya hayajakomaa na uti wake huvunjika ukiuviringa.

Kishingo sijampa nafasi, kwa sababu sehemu tunayoitaka kwake iko wazi.

Usichukue manyoya ya kuku aliyekufa kwa mdondo. Osha kwa sabuni ya unga, anika kivulini, kisha yaweke siku kadhaa kwenye friza yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa, wadudu walao manyoya wafe kabla hawajahamia kwenye akiba yako yote. Meupe ukiyachemsha na majani ya chai hupata kahawia nzuri ya mdudu wa tope.

Na hili nalisema kwa uzito: usiokote unyoya wa ndege wa porini, hata ukiukuta barabarani. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, unyoya ni nyara, na kukaa na nyara za Serikali bila kibali ni kesi. Kuku anatosha.

Nywele tafuta mnadani Msalato siku ya Jumamosi. Nywele za mkia wa ndama zimetumika na wafungaji kwa miaka mingi, ni ngumu kiasi, hazilowi upesi. Za mbuzi ni ndefu na laini, nzuri kwa nzi wa kufanana na kisamaki. Rasta za saluni ni mbadala wa kweli kwa nzi wakubwa, rangi zote zipo na pakiti moja haitakwisha leo wala kesho.

Uzi na vidogovidogo

Uzi wa cherehani wa polista mwembamba unatosha, chagua mweusi na kahawia. Wa pamba uache, huoza. Waya mwembamba wa shaba omba kwa fundi wa kusuka mota, mabaki yake ni hazina. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, alifunga nzi wake maarufu kwa waya wa shaba bila uzi kabisa: waya unafunga na papo hapo unamzamisha nzi. Badala ya mkia wa ndege aitwaye pheasant aliotumia yeye, weka vinywele vya kahawia vya mkia wa kuku wetu. Shanga ndogo za kioo, zilezile wanazotungia akina mama, hukaa vizuri kichwani mwa ndoano namba 10, ila pima kwanza tundu lake kama linapita kwenye mpindo.

Malizia kichwa kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Supagluu inashika haraka zaidi lakini ukizidisha inapanda kwenye manyoya na kuyakausha.

Nzi wa kwanza kujifunza awe yule mweusi wa mkia mrefu aliyebuniwa na Russell Blessing huko Pennsylvania mwaka 1967: mkia wa manyoya laini ya bata mzinga, mwili wa uzi wa kufumia, na unyoya wa jogoo ulioviringwa mwili mzima. Maji yetu ni ya tope, na kambale hutafuta kwa sharubu kuliko kwa macho. Nzi mweusi mnene anayesukuma maji anafanya kazi ambayo mwenye rangi za kumetameta hawezi.

Cha kubania ndoano

Jiliwa halisi la kufungia nzi ni zuri, lakini si la mwezi wa kwanza. Nafasi ya kwanza kwa sasa ni ile koleo inayojifunga yenyewe ya mafundi magari, ukiibana kwenye ukingo wa meza kwa skrubu ya seremala. Seti za kila kitu ndani ya boksi moja naziweka mwisho kabisa: jiliwa lake hulegea, ndoano ni laini, na manyoya yake ni yale tuliyoyapa nafasi ya sita.

Vya kuacha, na kimoja cha kuongeza

Suruali za kuingilia majini usinunue. Mtera kuna mamba na viboko, na maji yaliyotuama yana kichocho. Simama nchi kavu, mbali kidogo na ukingo, na perege hatakimbia kivuli chako. Cha kuongeza ni miwani. Upepo ukigeuza nzi anapita karibu na jicho, na ndoano uliyoichagua kwa kukwaruza ukucha haichagui pa kushika.

Kabla ya safari ya kwanza pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri husika. Uvuvi wa burudani nao una leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukiwa hapo muulize maeneo ya mazalia yaliyozuiwa, na ni upande gani wa bwawa viboko hutokea jioni.