Handaki la Carp, mjomba wangu, na nani alilipia rada

Mtanzania wa umri wangu ukimtajia rada, hawazi ndege. Anawaza chenji. Tulinunua rada ya pauni milioni 28 kwa BAE ya Uingereza, kelele zikawa nyingi, mwishowe kampuni ikakubali kurudisha pauni milioni 29.5, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Ndiyo maana nilipompeleka mjomba wangu kutembelea makumbusho ya Diefenbunker, handaki la kujikinga na bomu la nyuklia hapa Kanada, nilijua swali lake la kwanza litakuwa la pesa.

Mjomba alistaafu jeshini, upande wa mawasiliano, na sasa anafuga kuku Morogoro. Alikuja Ottawa kunisalimu wiki tatu. Baada ya siku nne za kuzungushwa kwenye maduka makubwa akaniambia, "Mama, mimi vyombo nimeshaona. Hakuna kitu cha maana mji huu?" Jumamosi nikampakia kwenye gari tukaenda Carp, kijiji kilichoko magharibi ya Ottawa. Njiani tulisimama kwenye mgahawa mmoja ambao siutaji. Chai yao ni maji ya moto na kifuko pembeni, na mjomba bado anaisimulia.

Ukifika huoni kitu. Kibanda cha bati, kama cha kuegeshea trekta, na kilima chenye nyasi. Ukiingia kibandani ndipo unakutana na njia ya chini kwa chini, bomba kubwa la bati la mikunjo, refu zaidi ya mita 100. Mlango wa handaki lenyewe haukutazami mbele. Uko ubavuni mwa bomba. Mjomba alisimama pale dakika nzima, akapapasa bawaba, akacheka mwenyewe. "Umeona ujanja? Bomu likilipuka, kishindo kinaingia huku kinatokea kule. Mlango hakiugongi usoni." Mwongozaji alipofika kwenye maelezo hayo, mjomba akamgeukia na kumpa mkono kana kwamba wamefaulu mtihani pamoja.

Ndani kuna ghorofa nne, zote chini ya ardhi. Lilijengwa kati ya 1959 na 1961, ili mabomu ya nyuklia ya Wasovieti yakianguka, watu 535 wa serikali na jeshi wajifungie humo siku 30 na nchi iendelee kuongozwa. Jina ni utani: Diefenbaker ndiye aliyekuwa waziri mkuu, na "bunker" kwa Kiingereza ni handaki. Familia hazikuruhusiwa, na husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alisema hatii mguu humo bila mkewe. Utaona mabafu ya kuogea vumbi la sumu, chumba cha baraza la mawaziri, studio ya redio ya dharura, na chini kabisa kuba ya Benki Kuu ya kuwekea dhahabu. Mlango wa kuba ile peke yake unatosha nauli.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilitarajia kuba ndiyo itakayonishika. Haikuwa hivyo. Kilichonishika ni chumba kidogo cha tahadhari, chenye simu na mashine za kuchapa ujumbe. Hapo ndipo habari ya rada za kaskazini ingefikia: ndege zimeonekana, jiandaeni. Mjomba akauliza kwa sauti ya kijeshi, watu wote wakageuka: "Handaki limejengwa na Kanada, sawa. Na hizo rada, nani kalipa?"

Jibu refu nilimpa usiku, mezani. Nikiwa bado Dar niliwahi kuwa mweka hazina wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu, na najua kwamba kugawana mshahara wa mlinzi ni kazi ngumu kuliko kumkamata mwizi. Mwenye ghorofa anataka mlinzi mwenye bunduki na mbwa. Mwenye vyumba viwili anasema rungu na filimbi vinatosha. Mwenye ghorofa akitoa hela nyingi, kesho mlinzi anakaa kwenye geti lake. Kanada na Marekani wamekuwa kwenye kikao hicho tangu 1951.

Mstari wa kwanza wa rada uliitwa Pinetree, vituo zaidi ya 30 kusini mwa Kanada. Marekani ililipa theluthi mbili, Kanada theluthi moja. Wa pili, Mid-Canada, ulifuata latitudo ya 55, na Kanada iliamua kuujenga kwa pesa yake yenyewe, zaidi ya dola milioni 200. Heshima, kweli, lakini ile haikuwa rada ya kukuonyesha ndege iko wapi. Ulikuwa uzio wa mawimbi: unajua kuna kitu kimekatiza, basi, na makundi ya ndege, hawa wenye manyoya, yaliusumbua. Ukazimwa 1965. Haukumaliza hata miaka 10.

Wa tatu ndio mashuhuri, DEW, kule juu kabisa kwenye barafu, tangu Alaska hadi Kisiwa cha Baffin. Mkataba ulifanyika 1955, na kufikia 1957 vituo vilikuwa kazini. Gharama yote ya ujenzi ilibebwa na Marekani. Kanada ilitoa ardhi. Ardhi ya Wainuit, wenyeji wa kule, ambao mezani hawakuwepo.

Mjomba akatikisa kichwa. "Basi Kanada kapata bure."

Nikamwambia subiri, Mjomba, mhasibu haangalii risiti ya dukani peke yake. Vituo vile vilipofungwa, viliacha mapipa, madampo, na mafuta ya transfoma yenye sumu ya PCB, ndugu wa yale tuliyokuwa tukionywa Dar kwamba wahuni wanayaiba wakakaangie chipsi. Jeshi la Kanada lilisafisha vituo 21, kazi ya zaidi ya miaka 20, zaidi ya dola milioni 500 za Kanada. Marekani ikachangia nini? Mwaka 1996 walikubaliana dola milioni 100, tena si taslimu: za kununulia vifaa vya kijeshi huko huko Marekani.

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani chenji ya rada, lakini lazima uinunulie kwenye duka lile lile!"

Mgawanyo wa baadaye nauona afadhali. Mwaka 1985, waziri mkuu Mulroney wa Kanada na rais Reagan wa Marekani walipokutana Quebec, walikubaliana rada mpya za kaskazini ziwe asilimia 60 kwa Marekani na 40 kwa Kanada. Ndizo zinazofanya kazi hadi sasa, 47 ziko upande wa Kanada. Kamandi ya pamoja ya ulinzi wa anga ni ile NORAD ya 1958, mkuu wake Mmarekani, naibu Mkanada. Februari 2023 kitu kisichojulikana kilipokatiza anga la Yukon, Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, ndiye aliyeamuru kitunguliwe, na ndege iliyokitungua ilikuwa F-22 ya Marekani. Kwenye mtaa wangu huo ungekuwa ushirikiano wa kuigwa: mwenye nyumba kasema piga, mlinzi wa jirani kapiga, hakuna aliyegombana.

Lakini rada hizo zimezeeka. Mwaka 2022 Kanada ilitangaza dola bilioni 38.6 kwa miaka 20 kuboresha ulinzi huo, na Machi 2025 Carney, waziri mkuu aliyemfuata Trudeau, akaenda Iqaluit, mji wa kaskazini, kutangaza rada ya kuona ng'ambo ya upeo wa macho, yenye teknolojia ya Australia. Miezi miwili baadaye Trump akaandika kwamba Kanada ikitaka kuingia kwenye Golden Dome, mfumo wake wa kuzuia makombora, italipa dola bilioni 61, ila ikikubali kuwa jimbo la 51, haitalipa hata senti.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha: "Kwa hiyo ama atoe mchango, ama aolewe."

Sasa nyota. Makumbusho nayapa 5 kati ya 5. Waongozaji wanaijua kazi yao na hawakukimbizi, na ukimpeleka askari mstaafu utamfaidi kuliko maelezo yoyote ya ukutani. Tenga saa mbili na nusu. Vaa sweta hata kama juu kuna joto la Julai, maana chini kuna ubaridi unaoingia kwenye magoti. Mwenye hofu ya sehemu zilizofungwa asijilazimishe. Mama mmoja wa kundi letu aliishia kwenye bomba akarudi juani. Jumamosi kuna soko la wakulima kijijini, tulirudi na nyanya na asali.

Huduma yenyewe ya rada ya ujirani naipa 3. Kazi inafanyika, asilimia 60 kwa 40 inaeleweka hata kwa mjumbe wa nyumba kumi, lakini fungu la usafi halikuwekwa kwenye makubaliano tangu mwanzo, na mweka hazina yeyote angeliuliza siku ile ile ya 1955.

Mjomba amerudi Morogoro. Juzi kanitumia picha: amejenga banda jipya la kuku, na mlango kauweka ubavuni.