Forester kuukuu mikononi mwa Mganda: bei ya gari na deni linalokuja nalo

Subaru Forester ya toleo la SG5 yenye namba ya Uganda huuzwa kwa bei inayovutia, na bei hiyo ina sababu. Mara nyingi mwenye gari analitoa mkononi kabla hajagusa kazi tatu kubwa: mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu za injini), tairi nne na shokapu za nyuma. Ukilipa bei yote uliyonayo mfukoni, umenunua gari pamoja na deni la mwenzako. Anayeitaka Forester aweke kando angalau robo ya bei ya kununulia, na fedha hizo ziliwe na garaji mwezi wa kwanza.

Gari lenyewe ni zuri, na sifa hiyo haijatiwa chumvi. Injini ya boksa imelala chini, silinda mbili kila upande, kwa hiyo gari linakamata barabara kwenye kona za Kabale kuliko magari mengi ya urefu wake. Magurudumu yote manne yanavuta, na barabara ya murramu iliyolowa hailisumbui. Kwenye mafuta halina huruma: SG5 ya otomatiki ndani ya jamu ya Kampala hupata kilomita 7 au 8 kwa lita, safari ndefu 11 hivi.

Zijue kwanza zenyewe. Toleo la SG, lenye hizo SG5, ni la 2002 hadi 2007. Sheria ya 2018 inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo SG utaipata kwa mtu tu, si bondi, yaani yadi za magari yanayoingizwa nchini. SH, toleo lililofuata, ilitengenezwa hadi 2012; za miaka ya mwanzo zimeshafungiwa mlango huohuo, na zilizobaki zinaelekea huko. Ukienda bondi za Nakawa, uliza swali moja kabla ya kufungua boneti: bei hii ni pamoja na kodi na namba, au bila? Tofauti yake inaweza kukununulia tairi, taimingi na shokapu, na bado chenji ikabaki.

SH za mwaka 2010 ndizo zinazowachanganya watu, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka ule injini ilibadilishwa. Fungua boneti utazame. Ukiona filta ya oili imesimama juu ya injini, mbele, mahali mkono unapofika bila kuinama, hiyo ni FB20, ya cheni. Kama filta iko chini ya injini, hiyo ni EJ20, ya mkanda. FB20 za mwanzo zina tabia ya kula oili, kwa hiyo chomoa dipstiki kila unapojaza tangi. Lakini hesabu ya mkanda haikuhusu.

EJ20 inakuhusu sana. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga valvu zikapinda. Hapo silinda hedi zote mbili zinashushwa, na gharama yake humkatisha mtu tamaa ya gari kabisa. Usisikilize maneno ya muuzaji. Tafuta stika ya Kijapani kwenye chumba cha injini, au kilomita zilizoandikwa na fundi kwenye kifuniko cha mkanda. Hakuna alama? Hesabu kwamba haujabadilishwa. Kosa linaloonekana sana ni kufunga mkanda mpya juu ya roli za zamani. Roli ikikwama, mkanda wa wiki tatu unaliwa. Nunua seti nzima: mkanda, tenshona, (kikaza mkanda), roli zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji, kwa kuwa imekaa nyuma ya mkanda huohuo na ikivuja kazi yote inarudiwa. Kisekka, soko la spea la Kampala, utapewa seti za bei tatu au nne tofauti. Ile ya chini kabisa iache hapohapo.

Upande wa joto, nenda ukakague asubuhi, boneti likiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona kulanti (kipoza injini) yenye rangi safi. Maji ya kutu yanasema gari limekuwa likijaziwa maji ya bomba, na utando wa mafuta au masizi kwenye chupa ya akiba unasema gasketi ya hedi imeanza kuachia. Kisha endesha nusu saa, simamisha, uangalie chupa hiyo: mapovu yakiendelea kupanda mfululizo, ondoka. Kuna nyakati kosa ni hewa tu iliyobaki ndani baada ya fundi kujaza haraka. Kwenye rejeta kuna skrubu ndogo ya plastiki kwa ajili ya kuitoa, na wengi hawaigusi.

Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye taa ni gasketi za rokakava (vifuniko vya valvu) zinazodondosha juu ya ekzosi. Hiyo ni kazi ndogo. Itumie kupunguza bei.

Tairi ndizo zinazoua giaboksi. Magurudumu yote yakivuta, tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha hufanya klachi ya kugawa nguvu kufanya kazi bila kupumzika. Jaribu hivi: gari likiwa limepata moto, kwenye lami kavu, kata usukani hadi mwisho, weka D, achia breki. Likijikaza kama limeshikwa, tairi zikirukaruka, kuna tatizo. Kwenye SG ya otomatiki kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu) chini ya boneti. Chomeka fyuzi, taa ya FWD iwake, urudie. Likilegea, klachi hiyo bado inaachia, kwa hiyo tazama kwanza tairi zisizolingana; lisipolegea, klachi yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Baadaye nunua tairi nne kwa mpigo, saizi moja, chapa moja: 215/60 R16 kwa SG nyingi.

SG ikiwa tupu lakini mgongo umeshuka kana kwamba imebeba matoke, shokapu za nyuma za kujiinua zimekufa. Mpya za aina hiyo ni ghali mno. Mafundi hufunga za kawaida, na ni sawa, mradi springi zibadilishwe pamoja nazo. Zile za zamani ni laini na hazitaubeba mzigo peke yake. Sikiliza pia mvumo wa nyuma unaopanda na mwendo; hiyo ni beringi ya gurudumu.

Kwa anayepima mfuko wake, SG5 isiyo na tabo (turbo) ndiyo ya kununua. Ina kamshafti moja kila upande, mafundi wengi wa Ndeeba wanaijua, na spea zake hazitafutwi. SH ya EJ20 ina kamshafti mbili kila upande, na taimingi yake inataka mkono makini zaidi. Ya tabo inataka mafuta ya oktani ya juu na oili kwa wakati. Asiye na uhakika wa vyote viwili aiache.

Logibuku (kadi ya umiliki wa gari) iwe halisi, mkononi, si fotokopi, maana magari mengi yamewekwa rehani kwa wakopeshaji. Namba ya chesisi ianze na SG5 au SH5, au SHJ kwa ile ya FB20, ilingane na iliyochongwa kwenye bodi, na faini za trafiki zinazodaiwa namba hiyo zilipwe na muuzaji kabla hujahesabu noti ya kwanza.